Madoa ya Suti ya Kijivu

Kobe alikuwa amemaliza chai yake na bado hajauliza swali hata moja la maana. Ndivyo alivyo. Jina hilo alibandikwa na vijana wa kikosi cha usalama barabarani enzi alipokuwa bado kwenye magwanda, kwa sababu wenzake walikuwa wakipima alama za matairi na kuondoka, na yeye akabaki amechuchumaa katikati ya barabara mpaka madereva waanze kumpigia honi. Alipostaafu, wakili mmoja mwenye ofisi ndogo na maneno makali akamchukua awe mpelelezi wake. Jina likahamia huko pamoja naye, na yeye hakuona sababu ya kuligombea.

Mbele yake, kwenye kochi lililochoka, alikaa mchoraji wa vibao. Nusu ya maduka ya mtaa ule yalikuwa yakijitangaza kwa mwandiko wa mwanamke huyo. Sasa mkono wake wa kulia ulikuwa umelala juu ya mto mdogo mapajani. Plasta ilikuwa imeshatolewa, lakini mfupa ulikuwa umeunga vibaya, kifundo kimekwenda upande, na vidole viwili vilikuwa havikunjiki. Daktari wa mifupa hakumficha: mfupa ulitakiwa uvunjwe upya, unyooshwe na kuwekewa chuma, na kazi hiyo ifanywe upesi kabla haujakomaa ukiwa vile vile umepinda. Akichelewa, brashi ndiyo basi tena.

Gharama za upasuaji huo hazikuwa za kuzungumzika ndani ya nyumba ile. Mwenye kulipa alitakiwa awe kampuni ya bima ya gari lililomwangusha mchoraji kutoka kwenye baiskeli yake, na kampuni ilikuwa imekataa katakata. Sababu yao ilikuwa moja tu, na ilikuwa nzito: siku ya ajali, mbele ya askari na watu waliojaa pale, mchoraji mwenyewe alitamka kwamba kosa ni lake. Kesho asubuhi wakili angekutana na afisa wa bima kwa mara ya mwisho. Asipokuwa na jambo jipya mkononi, faili lingefungwa.

“Mimi nilisema tangu mwanzo,” alisema mama mkwe wa mchoraji, aliyekuwa akikunja nguo pembeni. “Mtu mzima, mama wa watoto, anapita kwenye magari na mkebe wa rangi unaning'inia kwenye usukani. Nilisema mpaka ulimi ukakauka.”

Mchoraji aliinamisha kichwa. Kobe aliliweka hilo akilini, kwamba hakujitetea hata kwa neno moja. Mtu anayesingiziwa huwa na lake la kusema, hata kama ni la kunong'ona.

“Binti yangu,” Kobe alimwambia, “nieleze ulivyoanguka. Usianze na gari. Anza na wewe mwenyewe.”

Akaeleza. Ilikuwa asubuhi, jua limeshatoka, barabara kavu. Alikuwa anakwenda kumalizia kibao cha duka la dawa, mkebe wa rangi nyekundu ya mafuta umefunikwa vizuri na kufungwa kwenye usukani. Alipita kando ya magari yaliyoegeshwa, kama anavyopita kila siku. Kisha ukaja mshindo, akaiona mbingu, halafu akajikuta amekaa kwenye lami na mkono wake umeelekea upande ambao mikono haielekei.

Kobe alimuuliza kama aliuona mlango wa gari. Akajibu kwamba aliuona ukiwa umeshafika usoni pake. Ulikuwa wazi tangu lini, hilo hakulijua. Mwenye gari alisema ulikuwa wazi muda mrefu, na yeye amesimama nje akipangusa kiti. Labda ni kweli, labda macho yake yalikuwa mbali. Alishajiuliza mpaka akachoka.

“Na ulipokaa pale chini, ulimwambia nini?”

“Nilimwomba radhi. Nikamwambia ni kosa langu, anisamehe sana.”

“Kosa gani?”

Mchoraji alimtazama kwa mshangao, kwamba mtu mzima mwenye akili zake anaulizaje jambo hilo. “La suti, baba. Rangi yangu ilikuwa imemmwagikia. Suti nzuri ya kijivu, nyekundu tupu.”

Akaeleza, kwa sauti ya mtu anayefafanua jambo la kawaida, kwamba aliyemfundisha kazi alikuwa na sheria moja isiyovunjwa. Rangi yako ikigusa kitu cha mtu, awe mteja au mpita njia, unaomba radhi kwanza, unabeba kosa, halafu ndipo mnaulizana imekuwaje. Mchoraji anayeanza kubishana huku rangi inakauka kwenye nguo ya mtu hapewi kazi tena mtaa huo. Alikuwa ameomba radhi namna hiyo tangu ana miaka ya kubeba ndoo. Siku ile, kabla hata hajajua kwamba mkono umevunjika, mdomo ulishafanya kazi yake.

“Kwa nini hukumwambia wakili haya?”

“Hakuna aliyeniuliza kosa gani. Wote waliniuliza kama nilisema.”

Kobe akakiweka kikombe chini. Pembeni, mama mkwe alikuwa ameacha kukunja nguo.

*

Wakili alimsikiliza kwenye simu mpaka mwisho, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akammwagia maji baridi.

“Mzee, ni maelezo mazuri na mimi nayaamini. Lakini kesho afisa wa bima ataniambia mteja amepata wakili, na wakili kamfundisha la kusema. Niletee kitu kisichofundishika.”

Kitu cha kwanza kilichomjia Kobe ni gari. Kama mlango ulikuwa wazi tangu zamani, rangi ingetapakaa upande wake wa ndani. Kama ulifunguliwa ghafla, ingeonekana kwingine. Akafunga safari hadi gereji, akamkuta fundi wa bodi amelala chini ya lori, miguu tu inaonekana. Miguu ikamjibu kwamba gari hilo analikumbuka, mlango ulipinda ukabadilishwa, na ule wa zamani ulishakwenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu, bila shaka sasa ni sufuria. Kobe akashukuru miguu, akatoka. Njia hiyo ilikuwa imegonga mwamba.

Alikaa kwenye ukuta mfupi nje ya gereji, akafikiri. Gari lilikuwa limeoshwa, limenyooshwa na kupakwa rangi. Barabara ilishanyeshewa mvua. Lakini rangi haikumwagikia gari peke yake. Mwenye gari alikuwa mfanyabiashara wa magodoro, mtu wa kupenda kupendeza, na suti nzuri ya kijivu haitupwi bila kuhangaikiwa. Rangi ya mafuta haitoki kwa sabuni ya nyumbani, kwa hiyo suti isingebaki kwake. Ingepelekwa kwa dobi mwenye mashine na dawa.

Akachomoa tai yake kuukuu mfukoni, akapita kwa mchoraji kuomba tone la rangi ile ile nyekundu, akaipaka tai mwenyewe bila huruma. Kisha akaanza kuzunguka kwa madobi wa karibu na duka la magodoro. Kila alipoingia aliuliza kama waliwahi kutoa doa la namna hii. Wa kwanza alimwambia anunue tai nyingine. Aliyefuata alimwahidi miujiza, lakini hajawahi kuona rangi kama ile, na Kobe akapoteza muda mrefu kumsikiliza. Dobi wa nyuma ya benki, mtu mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, aliitazama tai akaguna.

“Rangi hii imenitia mkosi. Nina suti humu ndani, mwenyewe kaikataa. Nilijaribu kwenye pindo la suruali tu, nikaona haitoki, nikamwambia ukweli. Akanitukana, akasema sitalipwa na nguo haitaki. Mpaka leo inaning'inia.”

“Ya kijivu?”

Dobi akavua miwani. “Wewe ni nani?”

Kobe akamwambia ukweli wote, maana uongo ulikuwa umeshamaliza kazi yake. Dobi akarudi nyuma hatua nzima. Hakutaka kesi. Ana familia, ana wateja, na watu wa kesi hawaishi kuitana. Kobe alimwacha amalize, kisha akamweleza kwamba hamtaki awe shahidi wa ajali asiyoiona. Anachoomba ni kuitazama nguo ikiwa mikononi mwa dobi mwenyewe, yeye asiiguse.

“Huyo mwanamke ameumia sana?” dobi akauliza.

“Mkono wa kazi.”

Dobi akaenda ndani, akarudi na suti ndani ya nailoni.

Ilipolazwa mezani, madoa yalionekana kama fujo tu. Mkono wa kulia wa koti ulikuwa umeloa rangi kuanzia kwenye pindo hadi kiwiko. Kifuani kulikuwa na matone makubwa. Suruali ilikuwa na bonge la wekundu mapajani, kisha sehemu safi, kisha tena rangi karibu na kiuno. Kuanzia magoti kwenda chini hapakuwa na kitu. Mgongo wa koti ulikuwa safi kabisa.

Kobe aliizunguka meza mara kadhaa. Kisha akamwomba dobi avute kiti, koti aliegemeze kwenye mgongo wa kiti, suruali ailaze juu ya kikalio cha kiti na kuikunja magotini. Dobi akafanya hivyo huku akinung'unika kwamba hajawahi kumkaribisha mteja asiye na mwili. Lakini alipomaliza, wote wawili wakasogea karibu. Sehemu ile safi ya suruali ilikuwa imezama kwenye mkunjo wa nyonga, na rangi ya kiunoni ikaungana na rangi ya mapajani ikawa doa moja. Suti ilikuwa imekaa, na rangi ilikuwa imeijia ikiwa imekaa.

“Alisema alikuwa amesimama nje,” Kobe alisema.

“Mtu aliyesimama hawezi kuchafuka hivi,” dobi akakubali. “Na hapa je?”

Alikuwa ameonyesha kifuani. Katikati ya yale matone kulikuwa na njia safi iliyonyooka, ikitoka bega la kulia na kushuka kimshazari hadi ubavu wa kushoto. Kingo zake zilikuwa zimekatwa sawasawa, juu rangi, chini rangi, katikati kijivu kitupu. Dobi aliapa kwamba yeye hakugusa hapo, nguo ilimfikia vile vile.

Kobe alikuwa amesimamisha magari maisha yake yote ya kazi, akiinama dirishani na kutazama kifua cha dereva kabla hajamtazama usoni. Alijua upana ule, na alijua unapoanzia na unapoishia. Alicheka kidogo, akapiga simu.

Wakili alifika akiwa bado na karatasi za kesi nyingine kwapani. Alitazama kiti, akatazama koti, akamtazama Kobe. Hakusema neno la kejeli, na Kobe akajua amefurahi. Picha zikapigwa mbele ya dobi, suti ikatiwa kwenye mfuko, mfuko ukafungwa kwa gundi na wote watatu wakatia sahihi juu yake. Haikuondoka dukani, kwa kuwa ilikuwa mali ya mtu. Dobi aliifungia kabatini, akatia ufunguo mfukoni na kuupapasa mara mbili kuhakikisha upo.

*

Duka la magodoro lilikuwa limejaa hadi darini, na sauti ndani yake zilimezwa kabla hazijafika popote. Mwenye duka alimkaribisha Kobe akae juu ya godoro la maonyesho. Kobe akakaa, akazama, na ikamlazimu aanze mahojiano akiwa anajikwamua.

“Bosi, siku ile ya ajali ulikuwa unapangusa kiti.”

“Nimeshayaeleza hayo.”

“Umesimama nje, umeinama ndani.”

“Ndiyo.”

“Mgongo umeelekea barabarani.”

“Ndiyo, mzee. Nirudie mara ngapi?”

“Basi rangi ingekupata mgongoni. Au mahali pengine pa nyuma, uniwie radhi. Na viatu vingepata chake.”

Mwenye duka alitazama viatu vyake kabla hajajizuia. Vilikuwa vyeusi, safi, vimepigwa dawa.

“Ilinipata sehemu mbalimbali,” alisema.

“Nimeiona suti.”

Hapo mwenye duka akaegemea rundo la magodoro, nalo likabonyea. Kobe hakumharakisha. Alimpa nafasi mpaka mteja mmoja aliyekuwa akipima unene wa sponji akatoka bila kununua, kisha akauliza kwa upole.

“Mtu anayepangusa kiti akiwa amesimama nje, huwa amefunga mkanda?”

Mwenye duka alifunika uso kwa viganja viwili. Alipoviondoa, alionekana mchovu zaidi kuliko mwovu.

“Nilikuwa ndiyo kwanza nimeegesha,” alisema. “Wiki moja kabla walinitoza faini kwa sababu tairi lilikanyaga mstari wa maegesho. Nikafungua mlango nichungulie chini kama nimeingia sawasawa. Sikutazama nyuma. Hata mkanda sikuwa nimeufungua.”

“Na hayo ya kupangusa kiti yalitoka wapi?”

Yalitoka kwenye mazungumzo. Afisa wa bima alipomjia siku ya pili, hakumwambia aseme uongo. Alimuuliza tu kama haiwezekani mlango ukawa ulikuwa wazi tayari, kwa kuwa mwanamke mwenyewe amekiri. Akajibu kwamba inawezekana. Akaulizwa kama hakuwa labda anasafisha kitu. Akasema labda. Maneno yaliporudi kwake kusainiwa, labda zote zilikuwa zimeondoka, na yeye akatia sahihi kwa kuwa aliogopa kwamba hasara yote itaangukia duka lake.

Kobe akamweleza kwa lugha ya kawaida kwamba mlango uliofunguliwa bila kutazama ni uzembe, na bima ilinunuliwa kwa ajili ya uzembe kama huo. Maelezo ya uongo ni jambo jingine, hayo hayana bima. Kisha akamweleza kuhusu mkono, vidole viwili, na mfupa unaozidi kukomaa kila siku inayopita.

“Aliniomba radhi mimi,” mwenye duka alisema. “Amekaa chini, mkono umegeuka, mimi niko mzima kitini, na ni yeye anayeniomba radhi. Nikaipokea, mzee. Nikasema haya, basi, yameisha.”

Alifunga duka mchana kweupe. Wakaenda pamoja ofisini kwa wakili, na maelezo mapya yakachukuliwa taratibu, labda zikiachwa mahali pake.

*

Asubuhi iliyofuata Kobe alisubiri nje ya mlango wa kioo wakati wakili akiongea na afisa wa bima. Hakusikia kitu, lakini aliona vya kutosha. Afisa alianza akiwa ameegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa. Zilipowekwa picha mezani, mikono ikashuka. Yalipofuata maelezo mapya, akaanza kuyasoma kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza, na alipofika pale palipomtaja yeye na maswali yake akaomba maji ya kunywa.

Wakili alitoka akitembea haraka. Hawakupata yote. Fidia ya kazi alizopoteza mchoraji na ya maumivu ingebishaniwa bado, na safari hiyo ilikuwa ndefu. Lakini upasuaji, hospitali na mazoezi ya mkono, kampuni ilikubali kuvilipia sasa hivi, bila kungoja hayo mengine, na wakili alikuwa ameshaongea na daktari.

“Nenda wewe ukamwambie,” alimwambia Kobe. “Mimi nitamwambia kisheria na hataelewa.”

Kobe akaenda. Alikuta kochi lile lile, mto ule ule, na mama mkwe amesimama mlangoni asijue aingie au atoke. Akasimulia polepole, kama kawaida yake, kuanzia suti kwenye kiti hadi mkanda hadi tairi na mstari. Mchoraji alisikiliza bila kupepesa. Habari ya bima kulipa ilipofika, hakuitikia. Alikuwa bado kwenye mlango wa gari.

“Kwa hiyo hata ningekuwa macho kiasi gani, ningeugonga.”

“Ungeugonga, binti yangu. Ulifunguliwa wewe umeshafika.”

Akalia. Hakuwa amelia siku ya ajali wala siku ya kutolewa plasta, na sasa alilia kwa sauti, mabega yakitikisika, na furaha ilikuwamo ndani ya kilio kile. Mama mkwe akaja akaketi karibu naye, akautoa ule mto, akauchukua mkono uliopinda na kuuweka mapajani mwake mwenyewe.

“Mimi ndiye niliyekuwa nikikusema kila kukicha,” alisema. “Nilikuwa naogopa, mwanangu. Nikaona afadhali nipate wa kumlaumu.”

Kobe akaitazama dari kwa muda unaostahili. Kisha akakohoa, akasema kwamba limebaki jambo moja. Daktari alikuwa na nafasi keshokutwa, na nyingine mwezi ujao. Kila alipotajiwa kuvunjwa mfupa, mchoraji alikuwa akibadilisha mazungumzo, na wakili hakutaka kumlazimisha. Wapo wanaohitaji muda kulizoea wazo lenyewe.

Mchoraji alijifuta uso kwa mkono wa kushoto. Akaviangalia vidole vyake viwili visivyokunjika, vimelala kwenye kiganja cha mama mkwe.

“Mwambie keshokutwa,” alisema. “Wauvunje.”